Ulimi Nisiouamini

Kabla sijapewa kijiko nilikuwa mchambuaji. Tulikuwa wanawake wengi tumekaa kwenye mabenchi marefu ndani ya ghala la kiwanda cha kukoboa kahawa, huku Mbozi, kila mmoja na rundo lake mbele, tunatoa punje nyeusi, zilizovunjika na zilizotobolewa na wadudu. Mikono ilikwenda yenyewe na midomo ilikwenda yenyewe. Ilikuwa ile miaka ambayo wanunuzi binafsi walikuwa wameruhusiwa kuingia vijijini. Magari yalipanda milimani kugombea kahawa, na kiwanda kilipokea mizigo mingi kuliko kilivyozoea. Mimi nilikuwa na elimu ya darasa la saba, mume fundi mwashi na watoto wawili. Nilizaliwa Iyula, kwa wazazi waliolima kahawa na mahindi, na kama wakulima wengi wa kwetu, nyumbani tulikunywa chai.

Siku moja msimamizi akaja akasema chumba cha kuonjea kinataka mtu wa kuosha vikombe, kwa kuwa aliyekuwepo amekwenda kujifungua. Akaninyooshea kidole. Nafikiri ni kwa sababu nilikuwa nimekaa karibu na mlango.

Chumba kile kilikuwa cheupe, ukuta mweupe, meza nyeupe, na kimya ambacho sikuwahi kukikuta mahali pengine isipokuwa kanisani kabla watu hawajafika. Mwenye chumba alikuwa mwonjaji mkuu, mzee mwembamba mwenye koti la kaki, ambaye kiwandani wote tulimwita Mzee tu. Kazi yake ilikuwa hivi: kila mzigo wa kahawa ulioingia ulitolewa sampuli, ikakaangwa, ikasagwa, ikamwagiwa maji ya moto kwenye vibakuli. Mzee aliinama juu ya kila kibakuli, akavunja utando wa unga ulioelea juu kwa kijiko, akanusa. Kisha akavuta funda moja kwa sauti kubwa kama mtu anayekunywa uji wa moto, akalizungusha mdomoni, akatema kwenye ndoo, akaandika. Alichoandika ndicho kilichokuwa hatima ya mzigo. Kahawa ya kijiji kizima, jasho la mwaka mzima, ilipita katika ule mdomo mmoja.

Nilikuwa nimeosha vikombe kama miezi mitano hivi meneja alipoamua kwamba Mzee anahitaji mwenzake. Akatangaza jaribio. Walijitokeza makarani watatu, wote wa kidato cha nne. Mzee akasema, "Na huyu mama aonje. Hapaki manukato, hanywi pombe, na anakaa na harufu hii kutwa."

Walipanga vibakuli vinane. Tuliambiwa vingine vina kasoro na vingine ni vizima, bila kuambiwa vingapi. Mzee alipita kwanza, sisi tukifuata nyuma yake kwa zamu, kila mmoja na karatasi yake. Mzee alipofika kibakuli cha nne nilimwona amekunja uso, shavu moja limevutwa juu, jicho limefumba. Nilipofika mimi nilivuta funda langu, nikazungusha, nikatafuta. Sikupata kitu. Ilikuwa kahawa tu, ya moto, nzuri. Nikavuta tena. Hamna. Nikaandika: *Namba nne, imechacha.* Niliandika na mambo mengine mawili matatu ambayo niliyasahau hata kabla wino haujakauka. Kitu pekee nilichotoka nacho mle ndani kilikuwa uso wa Mzee na kasoro niliyoiiba usoni pake.

Kesho yake meneja akasoma jina langu.

Wanawake wa benchini walipiga vigelegele. Mume wangu alinichinjia kuku. Jumapili iliyofuata, Iyula, baba yangu alisimama kanisani kwenye kipindi cha shukrani, yeye ambaye hakuwahi kusimama kwa jambo lolote, akasema binti yake amepewa kazi ya kuonja kahawa ya wilaya nzima. Watu walinigeukia. Nilitazama mikono yangu. Nilijiambia kwamba wiki ijayo, Mzee atakapoona sijui kitu, nitarudishwa benchini taratibu na watu watasahau.

Sikurudishwa. Hapo ndipo nilipojua mtu anaweza kufungiwa ndani ya jambo jema.

Kila asubuhi nilivaa koti jeupe lililonipwaya mabegani nikaingia kwenye kile chumba, na kila asubuhi nilifikiri leo ndiyo leo. Nilijifunza mbinu. Mzee alipenda kuonja kwanza, mimi nikifuata, kwa hiyo nilimsoma. Kahawa ikimpendeza alirudisha kijiko kwenye glasi ya maji polepole, isipompendeza alikitupa. Akikuta ukungu alikohoa kidogo. Kwenye iliyochacha alipangusa midomo. Zaidi ya hapo nilikuwa na macho yangu ya benchini. Kando ya kila kibakuli kulikuwa na sinia la punje mbichi za mzigo uleule, na mimi nilikuwa nimechambua punje miaka minne. Nilikuwa naziangalia, nazisugua kwa kidole gumba, nazinusa, na kabla maji hayajachemka nilikuwa nimeshajua mambo mengi. Hilo nalo nililihesabu kuwa wizi. Mwonjaji huonja kwa ulimi, nilijiambia. Wewe unaonja kwa macho na kwa uso wa mtu mwingine.

Kadiri nilivyopatia ndivyo nilivyoogopa. Tukilinganisha karatasi na kukuta tumeandika mamoja, Mzee aliitikia kwa kichwa tu, na mimi nilihisi kama mtu aliyevuka tena mpaka bila karatasi. Tulipotofautiana nilifuta yangu haraka kabla hajaniuliza. Wageni walikuja, wanunuzi kutoka nje, wanaongea Kiingereza, na meneja akiwatambulisha alisema, "Huyu mama ana ulimi wa ajabu." Nilitabasamu.

Nyumbani nako kukawa na masharti. Hatukupika na pilipili wala kitunguu saumu siku za kazi. Sabuni ya manukato iliondoka. Mume wangu alikuwa akiwaambia mafundi wenzake kwamba nyumba yake inaongozwa na ulimi, na wao wakicheka yeye alikuwa hacheki, alikuwa anajivuna kweli. Wadogo zangu wawili walikuwa sekondari kwa mshahara wangu. Kila mtu niliyempenda alikuwa amejenga kitu juu ya kile kibakuli cha nne, na mimi nilikuwa chini yake nimekishikilia kwa mikono yote miwili, siwezi hata kujikuna.

Kuna kosa moja ambalo halikuwa la mawazo tu. Msimu wa tatu, miezi ya baridi na vumbi, nilishikwa na mafua mabaya. Pua ilikufa kabisa. Niliweka chumvi ulimini nikahisi mchanga. Mwonjaji mwenye mafua anatakiwa aseme, akae nje mpaka apone. Ni jambo la kawaida, halina aibu. Mimi sikusema. Niliogopa kwamba nikitoka hata wiki moja tu, wataona mambo yanakwenda vilevile bila mimi. Kwa karibu wiki tatu niliingia mle ndani nikavuta funda, nikazungusha, nikatema, nikaandika alichoandika Mzee. Sikuwa naonja chochote. Mizigo ya watu ilipita mbele yangu na mimi nilikuwa kama ukuta. Mafua yalipopona niliendelea kana kwamba hakuna kilichotokea, ila tangu hapo nikawa na ushahidi: nilikuwa tapeli, na sasa sikuwa nafikiri tu.

Msimu wa tano ulipokuwa unaisha, Mzee aliweka kijiko chini akasema, bila kuniangalia, "Mwakani mimi sipo. Nakwenda kulima maharage yangu Hasamba. Meneja nimeshamwambia, utabaki wewe."

"Mzee, mimi peke yangu?"

"Na msaidizi wa kukaanga. Kwani unataka wangapi?"

Niliomba likizo yangu yote nikaenda Tunduma kwa dada yangu. Yeye alikuwa na kibanda cha kuuza mchele karibu na mpaka, magunia yamepangwa hadi darini, na wateja wake wengi walikuwa Wazambia. Alikuwa anawasalimia kwa Kibemba, "Mulishani, mulishani," anapima, anafunga, anacheka, na mkono wake haukuwa na wasiwasi hata kidogo. Nilikaa nyuma yake kwenye kigoda wiki nzima nikimsaidia kushona magunia. Pale nje malori yalikuwa yamesimama kwenye foleni ya kuvuka, mengine siku tatu, nne, madereva wamelala chini ya matela, hawawezi kwenda mbele na hawawezi kugeuza. Niliyatazama sana yale malori.

Siku ya sita nikamwambia, "Dada, nataka nibaki hapa niuze na wewe."

Hakugeuka. "Wamekufukuza?"

"Hapana. Wananipandisha cheo."

Hapo akageuka. Alinitazama, kopo la kupimia likiwa hewani. "Mdogo wangu, una mimba? Una ugonjwa?"

Nikamweleza. Nilimweleza kibakuli cha nne na mafua na mambo yote, mara yangu ya kwanza kumweleza mtu. Alisikiliza huku akiuza. Nilipomaliza akafunga mfuko wa mteja, akamrudishia chenji, kisha akasema, "Kukaa utakaa. Magunia yapo, na mimi nitafurahi. Lakini baba utamwambia nini?"

Nilijaribu kutafuta. Nilitafuta siku nzima ile na nusu ya iliyofuata. Nilitunga kwamba kiwanda kinapunguza watu, kwamba kemikali zinaniumiza kifua, kwamba mume wangu hataki. Kila uongo nilioutunga nilimwona baba akiusikiliza kwa ule utulivu wake, kichwa kimeinama upande, akiuliza swali moja dogo tu ambalo lingeuporomosha wote. Jumatatu nikapanda basi nikarudi. Ninaowasimulia hudhani nilirudi kwa ujasiri. Nilirudi kwa kukosa uongo wa kutosha.

Msimu wangu wa kwanza peke yangu ulianza. Uso wa kuusoma haukuwepo. Nilikuwa naonja kila kibakuli mara nne, mara tano, hadi kahawa inapoa na kubadilika, naanza upya. Msaidizi alikuwa anachoka kunichemshia maji. Kazi ya asubuhi ilinichukua hadi jioni. Nilirudi nyumbani ulimi umevimba kama nimelamba pumba, na chakula sikukihisi.

Kisha ukaja mzigo wa Iyula. Kikundi cha wakulima, kikundi cha baba. Niliziona punje kwenye sinia na moyo ukatulia kidogo: kubwa, safi, rangi yake sawasawa. Macho yangu yakasema kahawa nzuri. Nikavunja utando, nikainama.

Mafuta ya taa.

Kwa mbali sana, kama harufu ya chemli iliyozimwa chumba cha pili. Nikajivuta nyuma. Nikanusa nguo zangu, mikono yangu, nikamnusa msaidizi hadi akashangaa. Nikamwambia akaange sampuli nyingine. Ikarudi. Vibakuli vitano, vitatu vinayo, viwili havina. Kesho yake asubuhi tena, kabla sijaonja kingine: vitatu vinayo, viwili havina. Macho yalikuwa yanasema kahawa ni nzima. Ulimi ulikuwa unasema si nzima. Na kati ya hivyo viwili, ulimi ndio nilioujua kuwa mwongo.

Niliandika. Sijui hata leo ni kitu gani kiliusukuma mkono. Niliandika *harufu ngeni, mafuta*, na mzigo ukawekwa pembeni.

Baba alikuja baada ya siku tatu na wazee wawili wa kikundi. Walikuwa wamevaa makoti ya Jumapili. Meneja akaniita ofisini. Niliwaamkia wote, "Shikamooni," wakaitikia. Baba alizungumza na mimi kwa Kinyiha, mbele ya meneja ambaye hakukijua, na kwa hilo tu nilijua jambo ni zito.

"Wameniambia kahawa yetu ina mafuta ya taa. Ni wewe uliyeandika?"

"Ni mimi, baba."

"Hawa wazee walitaka kwenda kulalamika kwamba mwonjaji hajui kazi. Nikawaambia, ngojeni, mwonjaji ni mwanangu, nitamuuliza mwenyewe." Akainamisha kichwa upande. "Una hakika?"

Lilikuwa swali dogo tu. Nilifungua mdomo, na sikuweza kusema ndiyo. Sikuweza kusema hapana vilevile. Nilisema, kwa Kiswahili, nikimwangalia meneja, "Naomba siku mbili."

Mmoja wa wale wazee akatikisa kichwa. Baba hakutikisa chochote. Alisimama, akavaa kofia yake, na walipokuwa wanatoka niliona koti lake limefungwa vifungo vibaya, kimoja kimerukwa, kama mtu aliyevaa kwa haraka.

Nilichukua sampuli kwenye mfuko nikapanda pikipiki hadi Hasamba. Nilimkuta Mzee shambani, suruali imekunjwa hadi magotini, anapalilia maharage. Alifurahi kuniona. Tulikaa kwenye kivuli cha nyumba, mke wake akatuletea mahindi ya kuchemsha. Nikatoa ule mfuko nikamweleza habari za mzigo, na nikasema, "Naomba uonje tu, Mzee. Mara moja."

Akautazama ule mfuko kama nimemletea nyoka. "Sionji."

"Mara moja tu. Nijue."

"Ujue nini? Umeonja mara ngapi?"

"Mara tisa."

"Ukapata nini?"

"Mafuta ya taa. Vibakuli vitatu kati ya vitano, kila mara."

"Basi ni mafuta ya taa."

Nilianza kulia. Sikukusudia. Nililia nikiwa na punje za mahindi mdomoni, aibu tupu, na katika kulia huko yakatoka yote. Nilimwambia kwamba sikustahili ile nafasi tangu mwanzo, kwamba siku ya jaribio sikupata kitu kwenye kibakuli cha nne, niliona uso wake nikauandika.

Mzee aliacha kutafuna. "Kibakuli cha nne?"

"Ulikunja uso."

Alikuna kidevu. Kisha akaanza kucheka, kicheko cha pole pole kinachotikisa mabega, hadi mke wake akachungulia mlangoni. "Jino," akasema. "Mwaka ule nilikuwa na jino la huku nyuma, lilinitesa mpaka nikaling'oa Vwawa. Maji ya moto yakiligusa niliona nyota. Kibakuli cha nne kilikuwa kizima! Nilikitayarisha mwenyewe. Wote wanne mliandika cha nne kimechacha, na mimi nilijiuliza sana, hawa watu wameonja nini."

Sikuelewa. "Wote wanne?"

"Wote mlikuwa mnaniangalia mimi kama kuku wanaomwangalia anayeshika mahindi." Alipangusa macho. "Lakini cha saba nilitia punje tano za ukungu. Tano tu, niwapime. Makarani walipita kama vipofu. Wewe uliandika, *cha saba, kuna udongo mbichi*. Nilimpelekea meneja ile karatasi nikamwambia, huyu."

Nilijaribu kukikumbuka kibakuli cha saba. Sikukiona popote. Miaka yote ile nilikuwa nimebeba kibakuli nilichokosea nikidhani ndicho kilichonipa kazi, na kile nilichopatia kilikuwa kimeanguka njiani bila mimi kusikia. Na hata kile cha nne: ulimi wangu ulikuwa umesema hamna kitu, na kweli hapakuwa na kitu. Ulikuwa umesema kweli, mimi ndiye niliyeukatalia.

"Mbona hukuniambia, Mzee?"

"Nikwambie nini? Nilidhani unajua ulichoandika." Akachukua hindi jingine, na uso wake ukabadilika, ukarudi kuwa ule wa chumba cheupe. "Ila yale mafua, hapo ulikosea."

Nikaliweka hindi langu chini.

"Ulikuwa unapumua kwa mdomo. Unadhani sioni? Nilingoja useme. Siku ya kwanza, ya pili. Mwisho nikaanza kuonja kila kibakuli mara mbili, mara moja kwa ajili yako. Kahawa ya watu ile. Hilo la jaribio ulijisumbua bure. Hili ndilo la kukuumiza, na ungesema, lingeisha siku hiyohiyo."

Niliomba msamaha, akaitikia kwa kichwa, tukamaliza mahindi. Aliponisindikiza barabarani alikuwa anaongelea mvua.

Ningependa kusema nilirudi nikiwa mtu mpya. Sivyo. Njia nzima, nimeshika mkanda wa dereva wa pikipiki, kuna sauti iliyokuwa inaniambia kwamba Mzee amezeeka, anachanganya mambo, ananionea huruma. Lakini sasa sauti ile ilikuwa na mtu wa kubishana naye. Nilikuwa nayo siku moja ambayo ulimi ulisema kitu na kitu kile kikawa kweli, bila uso wa mtu yeyote.

Sikungoja zile siku mbili ziishe. Kesho yake nilikwenda Iyula mwenyewe. Baba alikuwa anatengeneza mpini wa jembe uani. Nikamwamkia, nikasimama, nikasema kwa Kinyiha, "Baba, nina hakika. Si magunia yote. Nionyesheni mlikohifadhi."

Alipima uzito wa ule mpini mkononi. Kisha akainuka akanipeleka kwenye stoo ya kikundi. Chumba kilikuwa kikavu, kimepakwa chokaa, kisafi. Baba alizunguka na mimi. Kwenye pembe ya mwisho, sakafuni, palikuwa na duara jeusi la ukubwa wa pipa. Nikapiga magoti nikanusa. Baba naye akapiga magoti, kwa shida, akanusa.

"Katibu wetu," akasema hatimaye. "Aliomba aweke pipa lake la mafuta wakati wa mvua, nyumba yake ilikuwa inavuja. Tukaona ni ubinadamu."

Magunia yaliyokuwa yameegemea pembe ile, wazee waliyatambua kiwandani, yakatengwa, na mengine niliyaonja moja moja kwa siku nne. Yaliyobaki yalikuwa mazima, na yalipita. Nilipopeleka majibu Iyula, baba hakunisifu. Aliwaambia wazee wenzake mbele yangu, "Mmesikia," basi. Lakini jioni ile mama alipokuwa anaandaa chai, baba aliniuliza kama kahawa yetu, ile nzima, ina ladha gani. Alikuwa ameilima tangu ujana. Nilimtafutia maneno, nikasema ina uchachu kama wa chungwa lisiloiva sawasawa, halafu inatulia, inakuwa nzito kidogo kama asali. Akasikiliza kichwa kimeinama upande, akasema, "Kumbe."

Niliendelea na kazi ile miaka mingi, hadi nikafundisha wengine. Hofu haikuondoka, ilipungua ukubwa, ikawa ya kukaa nayo chumba kimoja. Kuna asubuhi ilinikalia kifuani kama zamani, nikiwa na wageni wamesimama nyuma yangu na daftari zao, na nilitamani nijigeuze moshi. Niliacha kufuta karatasi yangu, hilo tu. Tukitofautiana na mwonjaji wa mnunuzi niliiacha yangu ikae pale ilipo, na tukaonja tena pamoja. Mara nyingine alikuwa sahihi yeye.

Na siku nilipokosea kweli, nilikosea vibaya. Nilipitisha mzigo wa kutoka upande wa Mkwajuni nikauandika safi, na mnunuzi akaurudisha: ukungu, wazi kabisa, hata msaidizi aliusikia tulipoukaanga upya. Nilikuwa nimeuonja mchana, wa mwisho, nimechoka, nina haraka ya kwenda kwenye mkutano wa shule. Nilikaa kwenye kiti dakika chache nikiwa na ile karatasi. Najua hasa mwanamke niliyekuwa zamani angefanya nini. Angetafuta gunia la kulaumu.

Nikaenda ofisini. Meneja alikuwa mwingine wakati huo, kijana wa chuo, anakula chapati juu ya mafaili.

"Ule mzigo uliorudi, kosa ni langu," nikamwambia. "Nilionja vibaya."

Akameza. "Umeshauonja tena?"

"Nimeuonja. Una ukungu."

"Mizigo uliyoonja siku ileile ni mingapi?"

"Sita."

"Ionje yote upya, kabla haijasafirishwa." Akapangusa vidole, akavuta faili jingine. "Na mama, usiwe unaonja ukiwa umechoka. Sema tu, tutasogeza hadi kesho."

Nikasema sawa. Nilisimama kidogo, nikingoja kitu ambacho nilikuwa nimekingoja miaka yote, dari kuanguka, mlango kufunguliwa, mtu kuniambia vua hilo koti. Meneja akainua macho akaniuliza kama kuna lingine. Nikamwambia hapana. Nikarudi chumbani nikamkuta msaidizi ameshatoa zile sampuli sita, nikawasha jiko nikateleka maji.